Nyundo ya Bwana Miti na Muhuri wa Mnunuzi

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Shinyanga, ukaiacha nyuma Nyegezi na stendi yake ya mabasi, Mkolani inakupokea kwa miamba iliyopandana juu ya vilima na kwa pilikapilika za kando ya lami. Hapa fundi seremala anaranda mlango, pale mbao zimesimamishwa wima, kule nyingine zimelazwa kwa mafungu na kuandikwa namba kwa chaki. Mtu anayejenga huko Luchelele au Buhongwa ana maswali yake: ni mbili kwa nne au mbili kwa mbili? Imepigwa dawa? Imekauka? Bei ya mwisho shilingi ngapi? Habari za msitu huulizwa kwa namna moja tu, “Ni ya Mafinga?”, na hapo anayeuliza anatafuta uimara wa mbao. Hali ya shamba ilikokatwa haimo katika mazungumzo.

Duka la jirani linauza maziwa na juisi za pakiti. Geuza pakiti uangalie pembeni au chini yake. Mara nyingi utakuta alama ndogo: mti uliochorwa kwa mstari, ukiungana na alama ya vema, na chini yake herufi tatu, FSC. Maana yake ni kwamba msitu uliotoa karatasi ile ulikaguliwa na mtu wa nje, na kwamba kila mkono uliopokea mzigo tangu kisiki hadi kiwandani uliacha kumbukumbu. Kwa hiyo kando ya barabara moja, karatasi itakayotupwa baada ya dakika kumi ina cheti, na kenchi itakayobeba paa la familia kwa miaka thelathini haina.

Tofauti hiyo ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya biashara. Kampuni hazikuanza kuomba vyeti vya misitu kwa kuguswa na miti. Zilianza pale mnunuzi, mkopeshaji au sheria ya ng’ambo ilipouliza swali ambalo zilishindwa kulijibu.

Mwanza inalijua somo hili, ingawa ililifundishwa na sangara. Samaki huyo alipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilikuwa vimejipanga ufukweni, na Ulaya ndiyo iliyokuwa soko lao kuu. Kipindupindu kilipoenea Afrika Mashariki mwishoni mwa 1997, Umoja wa Ulaya uliwazuia samaki wabichi wa ziwa hili. Mwaka 1999 zikaja habari za wavuvi kutumia sumu, na mlango ukafungwa tena. Ndege za mizigo zilipokosa minofu ya kubeba, mtikisiko ulifika hadi kwa mvuvi na kwa mama aliyemuuzia chakula mwaloni. Ikabidi zijengwe maabara, mialo isakafiwe, wakaguzi wafundishwe, na kila sanduku la samaki liandikiwe lilikotoka. Wenye viwanda walizibeba gharama hizo kwa sababu iliyokuwa wazi kwa kila mtu jijini: bila karatasi, hakuna mnunuzi. Baadaye, upande wa Bukoba, sangara walifikia hata kupewa alama ya uvuvi endelevu ya shirika la Naturland la Ujerumani.

Kwa mbao mambo yalikwenda njia nyingine, kwa sababu Usukuma ulikuwa umekwisha kupoteza miti yake kabla wanunuzi wa ng’ambo hawajaanza kuuliza maswali.

Katika miaka ya 1920 na 1930, mbung’o ndiye aliyekuwa adui mkuu wa nchi hii ya ng’ombe. Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung’o akiwa na makao yake Shinyanga, alihimiza vichaka vifyekwe ili inzi huyo akose kivuli. Wananchi waliitwa kwa maelfu, wakafyeka. Ng’ombe walipona na mashamba yakaongezeka, lakini migunga na miombo haikurudi. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928 na kulifungua soko la pamba, na kila msimu wa bei nzuri uliongeza ekari. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa mbele yao, na chombo hicho kikawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Yalikuwa mafanikio ya kweli. Shule zilijengwa, baiskeli zikajaa vijijini, heshima ya mkulima Mwafrika ikapanda. Gharama yake ardhini ilionekana polepole: kuni zikawa mbali, malisho yakaisha mapema, na mbao za kujengea zikalazimika kutoka nje ya eneo.

Hata hivyo Wasukuma walikuwa na utaratibu wao wa kale, ngitili. Familia au kijiji kilitenga sehemu ya malisho mvua zinapoanza na kuifunga mpaka kiangazi kikali, ndipo ndama na ng’ombe dhaifu wakaruhusiwa kuingia. Miti ilipata nafasi ya kuchipua humo. Mpaka ulijulikana kwa kila mtu bila waya wala bango. Aliyeingiza mifugo kabla ya wakati aliitwa mbele ya dagashida, mkutano wa jadi, na adhabu yake aliijua kabla hajafika. Uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa mwaka 1974 uliwatenga wengi na ngitili zao, na nyingi zikafa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Baada ya kujaribu kupanda miche kwa mtindo wa kitaalamu, watumishi wa mradi walifanya jambo la busara kuliko yote: waliwasikiliza wazee. Ngitili zilizokuwa zimeandikishwa wakati mradi unaanza zilikuwa kiasi cha hekta 600. Kufikia mwaka 2004 zilikadiriwa kuwa hekta zisizopungua 350,000 katika vijiji 833, na utafiti ulikadiria kuwa kila mtu aliambulia thamani ya dola 14 kwa mwezi kutokana na kuni, malisho, dawa, asali na nyasi za kuezekea.

Takwimu hizo ni kubwa, na inafaa kuzikumbuka kabla ya kuingia katika habari za Ulaya, kwa sababu ngitili ina karibu kila kitu ambacho mkaguzi wa leo hutafuta: mpaka, kanuni, mlinzi, adhabu, na faida inayorudi kwa mwenye eneo. Imekosa mnunuzi wa mbali tu. Mazao yake huliwa na kutumika palepale, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuhitaji kuthibitishiwa chochote kwa maandishi.

Serikali nayo ilikuwa na alama yake, ya chuma. Wajerumani walitunga sheria ya kuhifadhi misitu mwaka 1904 na kuanza kutenga misitu ya dola. Waingereza walipoichukua nchi waliweka makao ya idara ya misitu Lushoto, wakatunga sheria yao mwaka 1921. Utaratibu uliojengeka ukarithiwa na kila utawala uliofuata. Anayetaka kuvuna huomba leseni. Bwana miti hupima gogo na kukadiria ushuru, na ukishalipwa huligonga kwa nyundo yenye herufi zilizochongwa. Njiani dereva hubeba hati ya kusafirishia mazao ya misitu, na kwenye kizuizi afisa huhesabu vipande akivilinganisha na maandishi.

Nyundo hiyo ilikuwa alama ya hazina. Ilieleza kwamba ushuru wa gogo hili umelipwa. Kama miche ilikuwa ikichipua kule gogo lilikokatwa, kama chanzo cha maji kiliachwa salama, kama kijiji cha jirani kilipata hata madawati, mambo hayo hayakuwamo katika herufi zake. Na wakati mwingine hata hilo la ushuru halikuwa kweli.

Ushahidi ulitoka kusini. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 juu ya mto Rufiji, misitu ya Rufiji, Kilwa, Lindi na kwingineko, iliyokuwa ikilindwa na matope ya masika kuliko na askari, ilijikuta imekaribiana na bandari ya Dar es Salaam. Malori yakamiminika. Serikali ilipiga marufuku kusafirisha magogo nje ya nchi mwaka 2004, lakini mali iliendelea kutoka. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilichapisha uchunguzi wake wa biashara hiyo, na waliousoma hawakuusahau upesi. Katika wilaya zilizochunguzwa, hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kukusanywa yalikuwa hayakukusanywa. Hasara ya taifa ilikadiriwa kuwa dola milioni 58 kwa mwaka. Kumbukumbu za forodha za China zilionyesha mbao za Tanzania zilizopokelewa huko zikiwa mara kumi ya zile ambazo vitabu vya Tanzania vilisema zimetoka. Nyundo ilikuwepo, karatasi zilikuwepo, na msitu uliondoka.

Miaka kadhaa kabla ya hapo, mtindo mwingine wa kuweka alama ulikuwa umezaliwa Ulaya na Marekani, katikati ya aibu ya wafanyabiashara. Mwishoni mwa miaka ya 1980 picha za misitu ya Amazon na Borneo ikiungua zilikuwa kwenye kila televisheni, na wanaharakati walisimama milangoni mwa maduka ya vifaa vya ujenzi wakiwasihi wateja wasinunue mbao za kitropiki. Nchini Uingereza kampuni ya B&Q, yenye maduka makubwa ya vifaa hivyo, iliulizwa na mwandishi wa habari inauza mbao ngapi za namna hiyo. Haikuwa na jibu. Mtu aliyepewa kazi ya mazingira katika kampuni hiyo, Alan Knight, amesimulia mara nyingi jinsi kutojua kulivyoonekana mbele ya umma kuwa sawa na kutojali. Kwa kampuni inayoishi kwa jina lake, hiyo ilikuwa hatari ya kifedha.

Mwaka 1991 kundi la kampuni za Uingereza, kwa kushirikiana na WWF, liliahidi kwamba kufikia mwisho wa 1995 lingenunua mbao kutoka misitu inayotunzwa vizuri tu. Ahadi ilikuwa rahisi kutamka. Ugumu ulikuja kwenye neno “vizuri”. Madukani kulikuwa kumejaa lebo ambazo kila mwenye kiwanda alijitungia mwenyewe, na hakuna aliyezikagua. Mwaka 1992 serikali zilikutana Rio de Janeiro, zikashindwa kukubaliana mkataba wa misitu wenye nguvu ya sheria. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba, watu wapatao 130 kutoka nchi 26 walikutana Toronto, Kanada: wafanyabiashara wa mbao, watu wa mazingira, wawakilishi wa wenyeji wa misituni. Wakaunda baraza la kusimamia vyeti vya misitu, FSC, ambalo makao yake leo yako Bonn, Ujerumani.

Kura za baraza hilo ziligawanywa katika vyumba vitatu, cha uchumi, cha jamii na cha mazingira, na kila chumba kikapewa uzito sawa wa nchi tajiri na nchi maskini. Cheti hudumu miaka 5, mkaguzi akirudi kila mwaka. Anaangalia mipaka na ramani, mito na nafasi iliyoachwa kando yake, kofia ngumu ya anayeshika msumeno wa moto, hati ya mshahara, malalamiko ya kijiji. Akikuta kosa dogo hutoa muda wa kulirekebisha, na kosa kubwa lisiporekebishwa humnyima mwombaji cheti. Wenye misitu wa Ulaya walioona masharti hayo ni mazito kwa mashamba madogo ya kifamilia walianzisha mfumo wao mwaka 1999, PEFC, ambao kwa eneo ndio mkubwa zaidi duniani leo.

Mwaka huohuo wa 1999 Home Depot ya Marekani, muuzaji mkubwa kuliko wote wa mbao za rejareja, ilitangaza baada ya maandamano ya muda mrefu kwamba ingependelea mbao zenye cheti. Tangazo kama hilo husafiri. Kiwanda cha Brazili au Kanada hakihitaji kuhubiriwa mazingira, kinahitaji kusikia kwamba mteja wake mkubwa amebadilisha fomu ya oda. Kisha sheria zikafuata soko. Mwaka 2008 Marekani iliirekebisha Lacey Act na kuifanya kuwa kosa kuingiza mbao zilizovunwa kinyume cha sheria za nchi zilikotoka. Umoja wa Ulaya ulianza kutekeleza sheria ya namna hiyo mwaka 2013, na mwaka 2023 ukapitisha nyingine kali zaidi inayohusu pia kahawa na kakao, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja. Cheti hakimwondolei mwagizaji wajibu mbele ya sheria hizo, lakini humpa jalada lenye majibu, na mwagizaji mwenye majalada mawili mezani huchagua lenye kazi ndogo.

Tanzania iliingia katika hadithi hii kwa mlango usiotarajiwa, kupitia mti ambao Mkolani huonekana zaidi kama kinyago kuliko kama mbao. Mpingo wetu ndio unaotumika kutengenezea klarineti na obo za okestra za dunia, na hutoka hasa Tanzania na Msumbiji. Ni mti mgumu unaokua polepole mno, wa kuhesabiwa kwa vizazi. Gogo likishapasuliwa, sehemu inayofaa kwa ala za muziki haifiki hata moja ya kumi, kwani nyufa, mafundo na uwazi wa ndani huondoa iliyobaki. Mwaka 1995 mradi mdogo wa utafiti wa mti huo ulianza, nao ukakua kuwa shirika la Mpingo Conservation and Development Initiative lenye makao Kilwa. Baadaye Sheria ya Misitu ya 2002 ilifungua jambo kubwa: kijiji kingeweza kutangaza msitu wa hifadhi katika ardhi yake, kuandaa mpango wa uvunaji, kupanga bei na kubaki na mapato yake.

Mwezi Machi 2009 shirika hilo lilipata cheti cha FSC cha kundi, na vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vikaingia ndani yake. Kilikuwa cheti cha kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Utaratibu wa kundi una maana kubwa kibiashara. Ada ya mkaguzi kutoka nje, nauli yake, ramani na tathmini zingekimaliza kijiji kimoja kabla hakijauza gogo la kwanza, lakini vikiwa vingi chini ya mwavuli mmoja kila kimoja hubeba kipande chake. Hata hivyo mzigo mkubwa wa Kilwa ulibebwa na wafadhili, na ukweli huo usifichwe na yeyote anayetaka kuiga mfano ule.

Taarifa za FSC za wakati huo zilieleza kwamba awali wanakijiji waliambulia senti 8 hivi za dola kwa gogo la mpingo, na kwamba kwa utaratibu mpya wangeweza kupata dola 19. Huo ni mruko wa kustaajabisha, na ni rahisi kuupa muhuri sifa yote. Lakini ukitazama kwa makini, sehemu kubwa ya mruko huo ilitokana na umiliki. Zamani mvunaji alikuja na leseni ya wilayani, kijiji kikabaki kuona vumbi la lori. Sasa anayeuza ni kijiji, na mnunuzi analazimika kukaa chini na kamati ya maliasili, kupima na kulipa kabla ya kupakia. Cheti kilikuja juu ya msingi huo. Kiliwapa wanakijiji kanuni za kuvuna, kiliwazoesha kuandika kila gogo, na kiliwafungulia mawasiliano na watengenezaji wa ala waliokuwa wakiulizwa na wanamuziki wao kuhusu mti ulio hatarini. Bila haki ya ardhi kingekuwa karatasi nzuri ya kutundika ofisini.

Na soko lenyewe lilikuwa jembamba. Mtengenezaji wa klarineti anataka vipande vichache, visivyo na dosari, vilivyokaushwa kwa muda mrefu, na lazima kila kiwanda katikati kiwe nacho na cheti cha kufuatilia mzigo, la sivyo muhuri unakatika njiani. Msitu wa kijiji una miti mingine mingi, mninga na mkongo miongoni mwake, ambayo wateja wake wako Dar es Salaam. Mteja wa Dar es Salaam ni sawa na yule wa Mkolani, hataongeza shilingi kwa ajili ya herufi tatu. Kisha mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 uliingiza jamii yote ya mpingo katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali, kuanzia Januari 2017. Wapiga ala walijikuta wakihojiwa mipakani kuhusu klarineti zao, hadi mwaka 2019, Geneva, ala zilizokamilika zilipoondolewa katika sharti hilo. Magogo na mbao vimebaki ndani yake. Kwa mnunuzi wa mpingo, kumbukumbu safi za kijiji zimekuwa na thamani zaidi baada ya hapo kuliko siku cheti kilipotolewa.

Kampuni kubwa za mashamba ya miti zilikuwa na sababu tofauti. Green Resources ya Norway ilipanda paina na mikaratusi katika nyanda za juu kusini, na nchini Uganda ikapanda Kachung na Bukaleba, shamba la pili likiwa ufukweni mwa ziwa hilihili, wilaya ya Mayuge. New Forests Company, iliyoanzishwa mwaka 2004, ilipanda Mubende na Kiboga, na baadaye ikaja Kilolo mkoani Iringa. Mali yao kubwa iliuzwa ndani ya Afrika Mashariki: mbao za ujenzi na nguzo za umeme. Shirika la umeme linalonunua nguzo huuliza unene, urefu na dawa. Sasa kwa nini kampuni ilipie ukaguzi kila mwaka kwa ajili ya nguzo ambazo mnunuzi hazidai cheti?

Jibu lilikuwa upande wa pili wa daftari la fedha. Mti hukaa shambani miaka 10, 15 au 20 kabla ya kurudisha senti, na fedha za kusubiri muda huo hutoka kwa mabenki na mifuko ya maendeleo. New Forests Company ilikuwa na HSBC kati ya wenye hisa, na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya kati ya wakopeshaji. Green Resources ilikuwa inauza pia hewa ya ukaa kwa wanunuzi wa Ulaya. Kwa watu hao wenye ofisi London, Luxembourg na kwingineko Ulaya, cheti kilikuwa jicho lao shambani, mahali ambapo wenyewe wasingefika.

Jicho hilo halikuona kila kitu. Septemba 2011 Oxfam ilichapisha ripoti ikieleza kwamba watu zaidi ya 22,000 walisema wameondolewa katika ardhi ya Mubende na Kiboga ili kupisha miti, huku shamba likiwa na cheti cha FSC. Kampuni ilikana kuhusika na nguvu iliyotumika, ikisema kazi ya kuondoa watu katika hifadhi ilikuwa ya serikali. Wananchi walipeleka malalamiko kwa msuluhishi wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, na makubaliano yakafikiwa mwaka 2013 kwa Mubende na 2014 kwa Kiboga. Mwaka 2014 taasisi ya Oakland ya Marekani ilitoa ripoti yenye lawama nzito juu ya Kachung na Bukaleba, na mwaka uliofuata wakala wa nishati wa Sweden, mnunuzi wa hewa ya ukaa ya Kachung, ulisimamisha malipo.

Matukio hayo yanaeleza athari ya cheti kwa biashara kuliko vijitabu vyote vya matangazo. Kampuni iliyojitangaza kwa muhuri inapimwa kwa muhuri huohuo. Mwanakijiji wa Mubende ambaye asingeweza kuishitaki benki ya London alipata mahali pa kushika, kwa sababu benki hiyo ilikuwa imeandika mahali fulani kwamba inafadhili misitu yenye maadili tu. Upande mwingine, wakulima waliopoteza mihogo na makaburi ya wazee wao walilazimika kupiga kelele hadi Ulaya ili waonekane na ukaguzi uliofanyika mbele ya macho yao. Mkaguzi huletwa na kulipwa na anayekaguliwa, hukaa siku chache, na mara nyingi huingia kijijini ndani ya gari la kampuni. Huo ni udhaifu wa mfumo wenyewe, na watetezi wake makini hawaukatai.

Turudi ziwani. Kwenye ramani ya mbao za Mwanza kuna mashamba ya serikali ya Rubya kisiwani Ukerewe na Buhindi upande wa Sengerema, yaliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ulioanzishwa mwaka 2010. Kuna mbao za Mafinga na Njombe zinazokuja kwa safari ya siku. Kuna za Kagera na Geita. Tena kuna kuni na mkaa, ambavyo kwa ujazo huzishinda mbao na havijawahi kuguswa na muhuri wowote wa kimataifa. Mfanyabiashara wa Mkolani akiamua leo kuuza mbao zenye cheti tu, atapaswa kuzitafuta kwa tochi, ataweka vitabu viwili, na jirani yake atamshinda kwa bei kabla ya adhuhuri. Hana kosa katika hilo. Mfumo ulijengwa kwa ajili ya mnunuzi anayeuliza, na yeye hajampata. Angeweza kumpata. Halmashauri inayonunua madawati, mradi wa umeme vijijini unaonunua nguzo kwa maelfu, mkandarasi wa majengo ya umma: hao wakiandika mstari mmoja katika zabuni zao, bei ya kutokuwa na kumbukumbu ingebadilika Mwanza nzima kwa msimu mmoja, kama ilivyobadilika kwa sangara.

Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, lenye urefu wa kilomita 3 hivi juu ya maji ambayo malori yalikuwa yakiyasubiria kivuko kwa saa nyingi. Misitu ya Geita, Chato na Biharamulo imelisogelea jiji, kama ya Rufiji ilivyoisogelea Dar es Salaam mwaka 2003. Wilayani Chato kuna shamba la Silayo la TFS lenye paina ambazo bado hazijafikia kuvunwa. Lori likivuka, linashika Usagara, linapita Buhongwa, linaingia Mkolani na hati yake ya kusafirishia ndani ya kabini: aina ya mti, idadi ya vipande, linakotoka, linakokwenda. Vijana wanashusha mbao moja moja wakihesabu kwa sauti. Fundi aliyekuwa akisubiri tangu asubuhi ananyanyua mbili kwa nne, anaiweka usawa wa uso, anafumba jicho moja na kuifuata kwa lile jingine hadi mwisho, aone kama imenyooka.